Mbwa Waliotapika Jumamosi

Jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni kuchuchumaa. Si kuchoma sindano, si kusoma kipimajoto. Kuchuchumaa mbele ya matapishi ya mbwa, kuyaangalia taratibu kama mtu anayechambua mchele, na kutosema neno mpaka umemaliza. Nimestaafu miezi michache iliyopita, magoti yananilalamikia kila nikiinuka kwenye mkeka, na lawama zote nayatupia yale matapishi. Ninyi wadogo zangu mlioingia kazini juzi mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara mtavijua wenyewe, havina hadithi. Nitawaandikia habari za mbwa, maana ng'ombe ana watu wengi wa kumsemea.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mitundu. Nilishuka treni Itigi nikiwa na godoro, sufuria mbili na sanduku la bati, nikapanda lori lililokuwa linarudi kuchukua mahindi. Mbele ya ofisi ya kijiji nilikuta wazee watatu kwenye benchi. Walikuwa wameambiwa leo anakuja bwana mifugo mpya.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Bwana mifugo yuko nyuma?"

"Bwana mifugo ni mimi."

Wakaliangalia lori, huenda kuna mwingine bado hajashuka. Lori likaondoka. Mzee mmoja akavuta pumzi. "Haya. Sasa ng'ombe akikuona mwanamke, si atagoma?"

"Ng'ombe haulizi hayo, mzee. Anauliza kama sindano inauma."

Alicheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku hiyo wakaniita Dokta. Nilijaribu kueleza kwamba sina udaktari, nina cheti tu. Wakasema cheti ni karatasi, wao wanataka mtu.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Msengi, msaidizi wa mifugo aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwa na baiskeli, begi la turubai lililoshonwa mara nyingi, na tabia ya kujibu swali kwa swali. Siku yangu ya nne tuliitwa kwenye nyumba ya mfuga nyuki, mbwa wake anatapika. Nilipofika tu nikaanza kutafuta sindano begini. Mzee Msengi akanishika mkono.

"Unamchoma nini?"

"Dawa, mzee."

"Ya ugonjwa gani?"

Nikaliachia begi. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akayachokoa matapishi. "Njoo usome. Hii ni barua, mwanangu. Mbwa hajui kusema, kakuandikia. Unaona nini?"

Niliona majani mabichi na povu la njano. Akaniuliza mbwa amekula lini, na kama tumbo lilikuwa linasukuma au chakula kimerudi tu chenyewe bila nguvu. Akaniuliza mbwa mwenyewe anaonekanaje, maana tapishi bila mbwa ni nusu ya habari. Mbwa mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anatikisa mkia, anatuangalia kama tumerukwa na akili. Mzee Msengi akamwambia mwenye mbwa amnyime chakula nusu siku, ampe maji kidogo kidogo, jioni ampe uji mwepesi. Akaongeza kwamba akiona damu, au mbwa akilegea, au akitapika hata maji, aje mbio. Tukaondoka bila kufungua begi. Njiani nikamuuliza kama mwenye mbwa hatasema tumemdanganya.

"Atasema," akajibu. "Lakini mbwa atapona. Chagua wewe unataka lipi."

Kulikuwa na jambo jingine. Mimi ni Mwislamu, na mama yangu pale Utemini, Singida mjini, aliposikia kwamba mwanawe aliyesomeshwa kwa jasho anashika mbwa, alilia. "Mate ya mbwa, Zuhura! Utaswalije?" Nilimwendea sheikh wetu, nikamweleza. Alinisikiliza, akaniambia kwa upole: nawa mara saba, mara moja kwa udongo, kisha nenda ukamtibu kiumbe wa Mungu. Basi miaka yote hiyo nilitembea na kopo la udongo safi kwenye begi, kando ya sindano. Wenzangu walinitania. Mimi nawaambia hakuna afisa mkoa mzima aliyekuwa na mikono misafi kama yangu.

Sasa nisimulie aibu yangu ya kwanza. Mzee Msengi alikuwa likizo. Mama mmoja akaja analia, mbwa wake kanywa mafuta ya taa. Alikuwa ameyaweka kwenye beseni ampake mbwa kwa ajili ya viroboto, akageuka kidogo, mbwa akalamba. Nilikuwa kijana, nilijua kila kitu. Sumu inatolewa, si ndiyo? Nikamnywesha mbwa maji ya chumvi mengi, akatapika sana, mama akanishukuru. Kesho yake mbwa alikuwa anakohoa na kuhema kwa shida, na keshokutwa akafa. Mafuta yaliyokuwa tumboni nilikuwa nimeyapeleka mimi mwenyewe kwenye mapafu wakati yanapanda. Mzee Msengi aliporudi hakunigombeza. Aliniambia niandike kwenye daftari, kwa mkono wangu, kwamba mbwa aliyekunywa mafuta, tindikali au maji ya betri hatapishwi, na wala aliyelegea au anayetetemeka hatapishwi. Niliandika huku machozi yanadondokea wino.

Daftari hilo ndilo chombo changu bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Kila mbwa aliyetapika nilimwandika: siku, saa, alichokula, rangi, alivyoonekana. Niliandika watoto wa mbwa waliotapika huku wakiharisha damu inayonuka vibaya, wenye ugonjwa wa parvo, ambao ukichelewa na dripu siku moja unawazika wote, na ambao chanjo ingewaokoa. Niliandika mifupa ya mbuzi ya Idd na mifupa ya nguruwe ya Krismasi, maana kwenye mifupa dini zetu zinakutana. Niliandika pia mbwa mmoja aliyekuwa anatoa mate na kushindwa kumeza, mwenyewe akaniambia kwa uhakika ana mfupa kooni, nimtolee kwa mkono. Mzee Msengi alikuwa amenikataza kabisa kuingiza mkono kwenye mdomo wa mbwa wa namna hiyo. Sikuingiza. Kilikuwa kichaa cha mbwa. Nipo hapa naandika kwa sababu nilikatazwa na mtu niliyemheshimu, na wote waliokuwa wamelambwa na yule mbwa tuliwapeleka hospitali siku ileile wakachomwa chanjo.

Nilizunguka vituo vingi, nikaishia Iguguno. Ndiko lilikotokea jambo ninalotaka mlijue kuliko mengine yote, na lilitokea nikiwa mkongwe wa kazi, si mwanafunzi.

Mwaka ule josho letu la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe lilipasuka likakauka. Kupe hawasubiri fundi, kwa hiyo tukawaambia wafugaji wanyunyizie mifugo nyumbani kwa bomba la mgongoni. Niliitisha mkutano nikawafundisha kuchanganya dawa. Karibu na mwisho nikakumbuka visima. Kule kwetu maji ni ya thamani kuliko maziwa, mnafahamu. Nikapaza sauti: "Dawa ikibaki, ole wake atakayeimwaga mtoni au karibu na kisima! Dawa haimwagwi. Hakikisheni inatumika yote!" Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nimefurahi, mkutano umekwenda vizuri.

Baada ya wiki kama tatu, mbwa wakaanza kutapika.

Wa kwanza alikufa kabla sijafika. Wa pili nilimkuta ameshapoa. Wa tatu vilevile. Watu walikuwa wanawanywesha maziwa kwanza, kwa kuwa kila mtu anajua maziwa yanakata sumu, na wakishaona hayakukata ndipo wananiita. Nilipochuchumaa niliona maziwa tu na povu. Walipoona nimeinuka wakauliza, "Dokta, ni nini?" Nami nikajibu, "Ni sumu." Nikafunga daftari, nikapanda pikipiki, nikaondoka. Sikusema sumu gani, kwa sababu sikujua. Ningepaswa kusema kwamba sijui. Lakini mtu wa umri wangu na cheti chake, aseme hajui?

Basi watu wakamalizia wenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Kitundu, mjane aliyefuga kuku wa kienyeji, jirani wa Mama Shila. Mama Shila alifuga mbuzi na ng'ombe wachache, na alikuwa na mbwa jike mwekundu aliyeitwa Watasema. Mnajua kwetu jina la mbwa ni barua kwa jirani. Mama Shila alifiwa na mume, akakataa kurithiwa na shemeji, maneno yakawa mengi, akamwita mbwa wake Watasema. Kila jioni alisimama uani na kuita kwa sauti, na wote waliohusika walisikia. Sasa Watasema alikuwa mlinzi hodari, fisi walimwogopa, lakini alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kuku wa Mzee Kitundu. Alishakula watatu. Siku alipokula wa tatu, Mzee Kitundu alisimama barabarani mbele ya watu waliokuwa wanapakia alizeti, akasema kwa hasira, "Huyu mbwa, na mbwa wote wa hapa, kuku wangu watawatokea puani!"

Ni maneno ya hasira tu, kila mtu huyasema. Lakini mbwa walipoanza kutoa mapovu mdomoni na puani, watu wakayakumbuka. Na Dokta kasema ni sumu. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Waliacha kununua mayai yake. Kisha waliacha kumsalimia, na kwetu kuacha kumsalimia mzee ni jambo zito kuliko kumpiga. Mwisho nikasikia kwamba Jumapili, baada ya ibada, chama cha kuzikana kitakaa kumtoa Mzee Kitundu. Aliyetolewa kwenye chama hachimbiwi kaburi na majirani, wala hapikiwi msiba wake. Mke wake alizikwa na chama hichohicho mwaka uliotangulia, na kaburi lake liko hapo nyuma ya banda la kuku. Mzee yule alikuwa anajiandaa kufa peke yake kwa ajili ya neno langu moja, na mimi sikujua kwamba ni langu.

Jumamosi, kabla ya siku ya kikao, Mama Shila akanipigia simu mchana. "Dokta, Watasema! Watasema naye!" Nikakimbiza pikipiki mpaka kofia ikaruka, sikurudi kuiokota.

Nilimkuta mbwa amelala ubavu karibu na zizi. Mate yanatiririka, machozi yanatoka, misuli inatetemeka mwili mzima, anatapika maji maji na kujichafua. Mtoto wa mwisho wa Mama Shila alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi.

"Weka hicho chini!" nikafoka. "Mbwa anatapika, anatetemeka, unamnywesha yaingie mapafuni? Mmempa nini?"

"Hatujampa kitu, Dokta," akasema Mama Shila. "Walahi hatujampa kitu. Mzee huyu hapa jirani ndiye ajuaye."

Nikachuchumaa. Safari hii tapishi lilikuwa bichi, na mbwa alikuwa hai, kwa hiyo nilikuwa na barua nzima. Nikainua kope la mbwa. Mboni ilikuwa imefinyika kama tundu la sindano, na jua lenyewe lilikuwa limejificha nyuma ya wingu. Nikainama zaidi, pua yangu ikapata harufu. Manyoya yalikuwa mabichi. Yalinuka dawa ya kupe.

"Huyu mbwa amelowa nini?"

"Ah, tumemwogesha tu."

"Kwa nini?"

"Tumenyunyizia ng'ombe asubuhi. Dawa ikabaki kidogo kwenye ndoo, na masuuzo ya chupa. Tukampaka mbwa." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema mwenyewe isimwagwe, Dokta? Ulisema itumike yote."

Kwetu kinachobaki ni cha mbwa. Ugali ukibaki, wa mbwa. Mfupa ukibaki, wa mbwa. Nani angefikiri tofauti kwa dawa? Mtu yeyote aliyezaliwa Singida angejua wataimaliza wapi, na mimi nimezaliwa Singida. Masuuzo ya chupa ni makali kuliko dawa iliyochanganywa, na mbwa hujilamba, ng'ombe halambi vile. Nikafungua daftari palepale. Mbwa wa kwanza, Jumamosi. Wa pili, Jumamosi. Wa tatu, Jumamosi. Siku ambayo nyumba zote hunyunyizia, kwa kuwa watoto hawako shule na wapo wa kushika ndama. Yote yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wangu na sikuwa nimeyasoma.

"Maji!" nikapiga kelele. "Maji mengi na sabuni!"

Mama Shila akashika kichwa. Maji ya siku hiyo yalikuwa yameisha kwenye dawa na kupikia, na kisima kiko mbali. Nilikuwa bado namtafuta wa kumtuma, mara nikasikia geti la miti linasukumwa. Mzee Kitundu aliingia na ndoo mbili, moja kila mkono, zile anazonyweshea kuku wake. Alikuwa amesikia kelele kupitia uani. Mama Shila akasimama mbele yake.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

"Nimekuja na maji," akasema. "Ukitaka kunitukana, nitukane nikiwa nayamimina."

Nikampa glavu zangu za akiba. Akapiga magoti, akamshika mbwa kichwa kilekile kilichomlia kuku watatu, mimi nikasugua kwa sabuni ya mche, tukasuuza, tukasugua tena. Nikamchoma atropini, dawa inayokata sumu ya namna ile. Nikasubiri, nikaangalia mate, nikaangalia mboni, nikamwongeza. Wala msidhani nilikuwa mtulivu. Nilikuwa naomba dua kwa sauti, na Mzee Kitundu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa anaitikia amina. Ndoo zilipoisha alirudi kwake akaleta nyingine, na nadhani kuku wake walilala na kiu siku hiyo. Kabla ya magharibi mate yalipungua, tetemeko likatulia, mboni ikaanza kufunguka. Watasema akainua kichwa, akamtazama aliyemshika, akamlamba kwenye glavu.

"Usinizoee," Mzee Kitundu akamwambia.

Nilinawa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikakaa kwenye gogo. Mama Shila alikuwa analia kimyakimya, hajui amtazame nani. Nikamwambia, "Kesho nitakuja kwenye kikao."

Nikiwa njiani nyumbani, shetani alinijia, nakiri. Aliniambia niseme tu kwamba wananchi walikosea kutumia dawa. Ni kweli, wala si uongo. Mzee Kitundu atasalimika, na mimi pia nitasalimika. Nilifika nyumbani, nikakaa na daftari mezani, nikaona ule ukurasa wa Mitundu uliodondokewa na machozi. Nikajua kwamba nikikata maneno tena, nitakuwa nimefanya kosa lilelile mara ya tatu.

Jumapili nilisimama mbele ya chama. Nikawaeleza mboni, nikawaeleza harufu, nikawasomea zile Jumamosi moja moja. Kisha nikasema, "Hakuna aliyewapa mbwa sumu kwa nia mbaya. Mimi ndiye niliyewaambia dawa itumike yote, nikanyamaza bila kusema isitumike kwa nani. Na mimi ndiye niliyesema ni sumu, nikanyamaza bila kusema kwamba siijui. Maneno mawili niliyaacha nusu. La kwanza limeua mbwa wenu. La pili lilikuwa linamuua Mzee Kitundu."

Mwenyekiti wa chama alikuwa mtu wa makamo mwenye kupenda utaratibu. Akaniuliza, "Kwa hiyo Dokta, unakiri?"

"Nakiri."

Mzee Kitundu alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kutolewa. Akainua mkono. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kikao kimeitwa kumtoa kwenye chama aliyeua mbwa. Sasa tumtoe Dokta?"

Halafu mama mmoja mnene kule kati akashindwa kujizuia, akacheka, na nyumba nzima ikacheka, mimi nikacheka huku nalia, jamani, nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama Shila akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo baba," akasema.

Mzee Kitundu akamwekea mkono kichwani. Alikuwa hajasikia neno hilo kwa zaidi ya mwezi. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Na mbwa wako bado ana deni la kuku."

Jumamosi iliyofuata nilirudia mkutano, na safari hii nilimaliza. Changanya dawa kwa kadiri ya wanyama ulionao, isibaki. Suuza chupa ukiwa bado unachanganya, masuuzo yaingie kwenye bomba, yaende kwa ng'ombe. Ikibaki hata kidogo, isimguse mbwa, paka wala kuku, chimba shimo mbali na maji ufukie. Mbwa ana dawa yake ya kupe, mje mniulize. Akitapika na kutetemeka, usimpe maziwa, usimpe mafuta, muogeshe kwa sabuni huku mwingine ananipigia simu. Nikawauliza kama kuna mahali nimeacha nusu. Wakauliza maswali mpaka saa nane. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanaandika.

Watasema alipozaa, Mama Shila alimpelekea Mzee Kitundu mtoto mmoja jike, mwekundu kama mama yake. Mzee akamlea pamoja na vifaranga ili azoee. Akampa jina la Wamenyamaza. Kila jioni alisimama uani kwake akamwita kwa sauti, kijiji kizima kinasikia, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla sijastaafu. Wiki yangu ya mwisho kazini, Mzee Kitundu akanipigia. "Dokta, Wamenyamaza anatapika. Siku ya pili sasa. Na leo si Jumamosi."

Nilikwenda na Upendo, binti aliyekuja kuchukua nafasi yangu. Njia nzima niliuma ulimi. Mzee alitupokea amekunja uso. Alisema jana jioni alimnyima mbwa chakula kama nilivyofundisha, leo asubuhi akampa ugali na dagaa, akala vizuri, akaenda akautapika wote. Upendo akanigeukia. "Mama, itakuwa sumu?"

Nikamwonyesha mbwa kwa kidevu. Akanielewa. Akachuchumaa.

Hakuona tapishi lolote, ardhi ilikuwa safi. Akamwangalia macho, akamwangalia ufizi, akauliza kama anaharisha. Kisha akauliza, "Babu, alitapikia wapi?"

"Hapo nyuma, kwa watoto wake."

Upendo akaomba ugali kidogo, akampa mbwa, akala kwa pupa. Tukamfuata polepole nyuma ya banda. Watoto watano wenye umri wa mwezi na kidogo walimkimbilia mama yao wakamlamba mdomo. Wamenyamaza akainamisha kichwa, tumbo likasukuma mara mbili, ugali ukatoka, na wale watoto wakaumaliza kabla sijasema bismillahi.

"Babu," Upendo akasema, "haumwi. Anawaachisha ziwa, anawalisha. Kumbe ulipomnyima yeye, uliwanyima watu sita."

"Ala!" Mzee Kitundu akashika kiuno. "Lakini Dokta si alisema mbwa akitapika anyimwe?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe kulikuwa na neno jingine nililoacha nusu, na miaka mitano mizima sikujua.

Lakini Upendo hakuwa amemaliza. "Mwongezee chakula, na watoto waanze kupewa uji wao kwenye sahani. Ila babu, ukiona yeye mwenyewe amekataa kula, au anatapika pasipo watoto, au kuna damu, au amelegea, usisubiri. Nipigie. Na nikisema kitu hujakielewa, niulize hapohapo."

Nilimwangalia yule binti aliyechuchumaa kwenye vumbi, nikajua naweza kwenda nyumbani.

Mzee Kitundu hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinipa mtoto mmoja wa Wamenyamaza, dume. Nikamwambia mimi na mbwa tunajuana kazini tu. Akasema, "Una mbuzi Utemini, na mbwa wa kulinda mifugo hata sheikh wako hamkatai. Au udongo umekuishia?"

Mama yangu bado yupo, mzee sana sasa. Alimtazama yule mtoto wa mbwa geti lilipofunguliwa, akanitazama mimi, akasema tangu leo ataitwa Saba, ili nisisahau kunawa. Jina likamganda. Saba analala kwenye banda la mbuzi, na mama hujifanya hamwoni.

Juzi tulipomaliza kula, mama aliniambia kutoka kwenye mkeka wake, "Zuhura, kilichobaki mpe mbwa."

"Ugali uliobaki, mama," nikamwambia. "Useme ugali."

"Si ndicho nilichosema?"

"Useme tu, mama."

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Kisha akageukia dirisha, akapaza sauti ili hata majirani wasikie: "Saba! Njoo ule ugali uliobaki!"